Maharage ya Bei Rahisi Kisangani

Huyu mama ametuandikia kutoka upande wa Masisi. Jina lake linabaki kwetu. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjamjibu.

Salamu kwako admin na kwa wote mnaofuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mama wa watoto watatu, mzaliwa wa milima ya Masisi kwa watu wa kulima maharage na mihogo. Vita vilitushusha mpaka Bweremana, kando ya ziwa, mimi na watoto na mama mkwe wangu. Hapa nauza maharage sokoni kwa murongo, lile kopo tunalopimia. Sikusoma sana, ila bei ndiyo shule yangu. Mtu akinitajia bei ya kitu, najua kama amekinunua kweli au anapiga domo. Afadhali nisingejua, leo ningekuwa nafunga mizigo huku naimba.

Mume wangu alienda Walikale kuchimba mawe porini. Jumapili alikuwa ananitumia sauti yake kwenye simu, na siku zote alianza kwa kuniita Mama Furaha. Tuseme hivyo, maana jina lenyewe la binti yetu nalificha. Hajawahi kuniita vingine tangu mtoto huyo azaliwe, hata akikasirika. Alilalamika kama mzee. "Mama Furaha, huku kila kitu inakuya na pikipiki ao ndege. Sabuni iko bei, chumvi iko bei. Maharagi njo imekuwa nyama ya batajiri." Nilimcheka, nikamwambia mwana wa mkulima sasa anaota maharage. Ile ndiyo sauti yake ya mwisho niliyoisikia.

Baada yake alinyamaza muda mrefu. Nilipiga, simu imezimwa. Kisha siku moja ukaingia ujumbe wa maandishi kutoka namba yake. Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Ulisema: "Nilitoka Walikale, niko Kisangani. Maisha ya huku iko rahisi kuliko Goma. Feza ya kachumba kamoja ka Goma, huku unapata nyumba muzima. Makala ya kupikia rahisi, mihogo rahisi, muchele rahisi, ata maharagi iko bei ya chini kuliko Goma. Uzisha shamba ya mama, kuya na batoto. Feza ulete mukononi, usitumishe kwa telefone. Rafiki yangu atabapokea Walikale na pikipiki. Usiage batu, basikuzuiye."

Goma naijua, niliwahi kukaa kwa binamu yangu. Kule hata maji unanunua, na mwenye nyumba anataka dola za miezi kadhaa kabla hujatandika godoro. Kwa hiyo habari ya Kisangani ilinikaa vizuri. Mama mkwe hajui kusoma, nilimsomea mimi. Alilia, akafunga mikono, akasema, "Soma tena pale kwa maharagi. Mutoto wangu hajasahau kwabo." Nikasoma tena. Toka siku hiyo ananiomba nimsomee hapo hapo kila jioni, na amekwisha kumpata mtu wa kununua shamba.

Nami nilikuwa namwambia habari hizo kila mteja. Mmoja wao, mama aliyeishi Kisangani miaka mingi, akaacha kuchagua maharage akaniangalia. "Nani amekudanganya? Makala na muchele sawa, iko rahisi kweli. Lakini maharagi? Maharagi ya Kisangani inatoka huku kwetu! Tulikuwa tunakula siku ya fête tu, siku kubwa." Alicheka. Mimi niliweka murongo chini. Mwanaume aliyelia bei ya maharage Walikale, anapitaje msitu wote ule kwenda mbele zaidi, ayakute bei ya chini? Mtoto wa mlima hawezi kukosea hapo. Angekosea bei ya suti, si ya maharage.

Nikarudi nyumbani nikasoma ujumbe wote upya, na sasa nikaona nilichokuwa naruka kwa furaha. Hamna Mama Furaha hata mara moja. Mwanzoni kuna jina langu la ubatizo, ambalo hapa nimelificha, vile alivyoniandika kwenye simu yake. Nikapiga, ikaita, haikupokelewa. Ukaja ujumbe kwamba telefone haitoi sauti. Nikaandika, "Niite vile unaniitaka siku zote." Akajibu, "Uko bibi yangu, nikuite namna gani tena? Acha maulizo. Shamba imeuzishwa?"

Ndugu zangu, naogopa. Sijui ni nani ameshika simu ile, wala aliipata vipi. Mnunuzi wa shamba anakuja Jumamosi hii. Mama mkwe ameshawashonea watoto mifuko ya safari. Nikisema hatuendi, ataniita mwanamke mbaya anayemtenga na mwanawe, hayo nitayabeba. Lakini akiuliza kwa nini, nitasema nini? Kumwambia huyu anayeandika si mwanawe ni kumwambia mwanawe hayuko. Nitakuwa nimemzika mtoto wake kwa mdomo wangu, bila maiti, bila kaburi, na mimi mwenyewe bado naweka sahani yake pembeni tukipakua.

Na sasa hivi, nikiandika haya, simu imelia. Nimefungua. Ameandika: "Batoto iko wangapi?"

Mama mkwe amesikia mlio. Ameacha kuchambua sombe, majani ya mihogo, anakuja huku anapangusa mikono, uso wote unacheka. Ananiuliza, "Mutoto wangu anasema nini?"

Jamani, nisaidieni. Nimjibu nini?