Chembe za Mama Mmoja

Soko huria lilipopanda mpaka Lushoto, maduka ya dawa za mifugo yalichipuka kila kona, na kila muuzaji akawa daktari. Mbwa wetu, aliyefukuza ngedere kwenye nyanya za baba, alianza kubabuka. Mabaka mekundu, magamba, midomo ikapoteza weusi wake. Duka moja lilisema ukurutu, jingine minyoo, jingine likatuuzia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Sikuelewa lolote, na nilikasirika sana.

Baba aliamua kumwekea sumu kabla hajatuambukiza. Nililia. Kaka yangu, aliyekuwa akisomea udaktari wa mifugo Morogoro, alimsihi asubiri, akakata kipande cha ngozi na kwenda nacho chuoni. Hadubini ilionyesha chembe nyeupe za damu zimejaa tele, lakini hawakuweza kusema kama ni mzio au saratani. Mwalimu wake akatuma kipande kingine Ulaya kipimwe vinasaba.

Likizo iliyofuata kaka alirudi na majibu.

"Tate," alimwambia baba, "ingekuwa mzio, chembe zile zingetoka koo mbalimbali. Za huyu zote zimezaliwa na mama mmoja."

"Basi ni ndugu." Uso wa baba ukakunjuka. "Alhamdulillahi."

"Hapana, Tate. Zikiwa ndugu ndiyo saratani."

Baba alinigeukia mimi, kana kwamba nimesoma kumzidi kaka. Kwetu mgonjwa akizungukwa na ndugu wa tumbo moja, watu hushusha pumzi.

"Inaambukiza?" aliuliza.

"Haiambukizi. Ila haiponi. Heri nimchome sindano alale, asiteseke."

Nilichanganyikiwa kabisa. Jibu lililomwondolea sumu ndilo lililomhukumu. Sikujua nishangilie au nilie. Kaka alikwisha fungua mkoba.

"Rudisha hiyo sindano," baba alisema. "Nilitaka kumuua nikidhani atawadhuru wanangu. Kumbe anaumwa peke yake."

Akachukua mafuta ya nazi, akaketi chini uani, akaanza kumpaka vidonda kwa kiganja kitupu. Mate ya mbwa kwetu ni najisi, na sikuwa nimewahi kumwona baba akimgusa. Mbwa akamlamba mkono. Baba hakuuondoa.

Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka bondeni.

"Niletee maji na udongo nijitoharishe," aliniambia. "Lakini usiharakishe."