Aliyemuunda Jongoo wa Changamwe

Jumanne nilipigiwa simu kwamba fundi mmoja wa Mtongwe ametangulia mbele ya haki. Wasomaji wangu wengi hamkumjua, wala hamkuwahi kusikia kwamba miaka michache kabla ya uhuru mtu huyu aliunda tramu yenye kukunjika katikati, pale Changamwe, katika kiwanda nilimokuwa nikichomelea vyuma. Nilikuwa nimeshuka kutoka bara majuzi tu, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea maji.

Kiwanda kilikuwa na reli nyembamba ya kuwaleta wafanyakazi kazini kutoka kwenye makazi yao. Behewa fupi liliwaacha wengine wakitembea, na refu halikuweza kupita kona ya bohari. Fundi akachukua mabehewa mawili mabovu, akayaunga kwa kiungo cha chuma chenye kucheza, akatia injini ya lori mbele. Tukamwita Jongoo. Meneja, Mzungu asiye na subira, akatoa nafasi moja ya jaribio: Jongoo akipita kona, fundi atakuwa msimamizi wa karakana, asipopita, Jongoo ni chuma chakavu na fundi atarudi chini ya malori. Fundi alikitamani cheo kile wala hakuficha. "Wallahi, nikikipata nitakuja kazini na kofia ya Idi," alituambia.

Siku moja kabla ya jaribio nilimuuliza kama kiungo kina kazi iliyobaki. "Hicho kiwate," akasema, akaenda zake kuswali adhuhuri. Mimi nikasikia "kiwashe". Nilishangaa kidogo, lakini nani mimi, wa kuja, nimsahihishe Mmvita Kiswahili? Nikawasha moto, nikakichomelea kile kiungo kikawa kigumu kama jiwe, nikashusha turubai juu yake na kujipongeza.

Kesho yake Jongoo alikwenda vizuri, watu wakimshangilia, mpaka konani. Behewa la mbele likataka kugeuka, la nyuma likalishikilia, yote mawili yakaacha reli na kukaa mchangani. Hakuumia mtu. Meneja akafunua turubai, akaona. "Nani nachoma hii?" Nikatazama viatu vyangu. "Amri niliitoa mimi, bwana," akajibu fundi. Wiki ile ile Jongoo akakatwa vipande, na fundi akabaki chini ya malori hadi alipostaafu. Mimi aliniita kando, keshakisia kwamba nilisikia "kiwashe", akaniambia tu, "Kuwata ni kuwacha, mwanangu. Usiposikia, niulize."

Juzi, baada ya maziko, binti yake aliniamkia, "Shikamoo," nikaona siwezi kuondoka Mtongwe na siri hii. Nikamweleza yote. Akacheka na machozi yakimtoka. "Kumbe wewe ndiwe wa kiwashe! Baba akisema hukuwa na kosa, ulikuwa mgeni wa lugha."

Alinisitiri mno. Tunaambiana kuuliza si ujinga, kisha anayeuliza tunamcheka, basi vijana wetu wanajifunza kuitikia wasichokielewa. Mimi niliitikia hivyo. Lakini ugeni wa lugha hauelezi kwa nini nilinyamaza mbele ya meneja. Swali lake nililielewa vizuri, na jibu lilikuwa neno moja tu, "mimi". Neno hilo nimelichelewesha hadi fundi mwenyewe amezikwa. Msomaji, kama unalo la namna hiyo, lipeleke leo kwa mwenyewe angali hai.