Gego la Upande wa Kulia

Benedicta alisoma mwaka mzima huku anasinzia, na msimcheke. Usiku alipanga mizigo kwenye bohari moja huko Malton, Kanada, karibu na uwanja wa ndege. Asubuhi, wenzake wa chuo cha ufundi wa meno bandia walipokuwa wakiingia darasani, yeye alikuwa ndani ya basi akirudi Etobicoke, spika ndogo masikioni, kichwa kimeegemea dirisha. Mahudhurio hayakuwa ya lazima. Masomo yote yaliwekwa mtandaoni, na sauti ya Mwalimu Ramzanali, kwa Kiingereza, ilimsindikiza mpaka nyumbani.

Sauti ile, jamani! Ya pole, haina haraka na mtu. Ikitaja vilima vya gego, Benedicta aliviona. Alipanda kimoja, akateremka bondeni, theluji ikidondoka taratibu juu ya meno makubwa, naye hasikii baridi wala uchovu. Mara mbili alizinduka kituo chake kimeshapita.

"Mimi nikikuita huitiki," mumewe Elias alimtania, "lakini mwalimu wako akisema neno unatabasamu usingizini."

"Mwalimu haniagizi chai," akajibu.

Video aliyoipenda kuliko zote ilionyesha mikono ya mwalimu tu, ikichonga gego la kwanza la chini, upande wa kulia, kutoka kwenye kipande cha nta. Benedicta aliifuata mezani jikoni, mkato kwa mkato, mpaka ukingo wa dirisha ukajaa meno ya nta. Jino hilo ndilo lililotangazwa kuwa la mtihani, na akifeli angerudia mwaka. Mwaka mwingine wa maboksi! Mwili usingeuweza, moyo ndio kabisa.

Siku ya mtihani alichonga kama anaota. Wenzake walipokwisha kutoka, mzee mwenye miwani, Mwalimu Ramzanali mwenyewe, alilichukua jino lake, akalijaribu kwenye pengo la taya la mfano la plasta. Halikukaa. Akaligeuza. Halikukaa. Akalilinganisha na gego la upande wa kushoto: mapacha.

"Lo! Jino zuri, upande si wake," akanong'ona kwa Kiswahili.

Benedicta akashtuka. "Mwalimu, kumbe wewe ni wa kwetu?"

"Wa Tanga, mama. Na wewe mbona sikujui? Jino hili umejifunzia wapi?"

"Kwako, mwalimu. Kwenye video."

Mzee akavua miwani. Video ile alijirekodi mwenyewe kwa simu, na simu ikaigeuza kama kioo, kulia kukawa kushoto. Kosa aliligundua darasani, akawatahadharisha waliokuwepo. Siku hiyo walikuwa saba kati ya sitini, akadhani wataambizana.

"Asiyekuwepo na lake halipo," akasema, lakini kwa unyonge.

"Saa ya somo ndiyo kwanza natoka kazini!" Hasira zilikuwa zimempanda Benedicta. "Wewe ulikuwepo. Ulishindwa kuandika hata mstari mmoja chini ya video?"

Mwalimu akamwekea mezani kipande kipya cha nta.

"Kosa ni langu, mama. Una saa moja."

Benedicta akashika kisu. Mikono ikataka kurudia njia ileile iliyoizoea, akaizuia. Akafumba macho. Chumba kikaenda mbali, mwalimu pia, na ulimi wake ukateremka upande wa kulia wa kinywa, chini, penye pengo. Gego hilo liling'olewa Moshi alipokuwa na miaka kumi na miwili, mama yake amemshika miguu. Miaka thelathini anatafunia upande mmoja. Ulimi ukavuka kushoto, ukapapasa gego lililobaki, ubavu wa shavuni, ubavu wa ndani, mbele, nyuma, kisha ukarudi pengoni kupima. Alifumbua macho, akachonga kidogo, akayafumba tena. Alikuwa hachongi tena jino la mtihani. Alikuwa anajichongea lake.

Saa ilipokwisha, mwalimu akalichukua. Akalisukuma kwenye taya la plasta kwa kidole gumba, likaingia, likatulia.

"Limekaa, mama," akasema. "Limekaa kabisa."

Benedicta alikuwa ameshika shavu la kulia, machozi yanamtoka, na ulimi wake ulikuwa bado unatafuta palepale, kana kwamba safari hii ungekuta kitu.