Benchi la Kwaya

Seremala ndiye aliyetengeneza benchi refu la kwaya kanisani. Kwa hiyo sauti ya kwanza na sauti ya nne zilipogombana juu ya nani ana karama kubwa zaidi ya kuimba, walimjia yeye.

"Fundi, likate katikati," akasema mama anayeongoza sauti ya kwanza. "Tumechoka kukaa na watu wa kunguruma!"

"Hata leo likatwe!" wakajibu wangurumaji wa sauti ya nne.

Seremala akakuna kichwa. Benchi lile lilikuwa ubao mmoja, halina kiungo popote. Kuliko kulikata, bora akatwe kidole.

"Sawa, nitakata. Ila na mimi nimejaliwa karama ya kuimba. Nikae kwanza hapo katikati, Jumapili tatu tu."

Lo! Jumapili ya kwanza alilia kama bawaba isiyoonja mafuta tangu izaliwe. Ya pili, mchungaji alipotelewa na mahubiri. Kabla ya ya tatu, pande zote mbili zilifanya kikao kimoja, zikaomba pamoja, zikamfuata karakanani bega kwa bega.

"Ndugu yetu, karama yako ni mbao. Tuachie kwaya yetu."

"Yenu akina nani?"

"Yetu sote!"

"Haya, natoka. Na benchi?"

Wakatazamana kwa aibu. "Liache lilivyo."

Walipoondoka, mkewe akamsikia akipiga randa huku akiimba wimbo wa Jumapili, sauti tamu, hakosei popote.

"Baba watoto! Kumbe unajua kuimba?"

"Shh! Hawajafika mbali."