Bibi Aliyelalia Kitabu cha Rehema

Usiku ule nililalia kitabu cha mwenzangu. Nilikisukuma chini ya godoro langu pale hosteli, upande wa ukutani, nikajifunika gubigubi. Kitanda cha pili Rehema alikuwa analia kimyakimya. Kitabu chake cha mazoezi ya vitendo kilikuwa hakionekani, na kesho yake asubuhi ndiyo ilikuwa mwisho wa kuvikabidhi. Asiye nacho hafanyi mtihani wa mwisho. Miaka minne ya shahada ya uuguzi, saini za masista wa kila wodi, zote zilikuwa chini ya mgongo wangu.

Wivu tu, sina haja ya kuficha. Rehema akishika mkono wa mgonjwa, mshipa unajitokeza wenyewe. Mimi nachoma mara tatu mpaka sista ananinyang'anya sindano. Hayo ningeyameza. Lakini Bibi yangu aliyenilea alipolazwa, mimi nilikuwa nimepangiwa wodi ya watoto, Rehema akapangiwa wodi aliyolazwa Bibi. Nikienda kumwona jioni, habari ni Rehema tu. "Rehema kaniogesha. Ana mikono laini, utadhani hakugusi." Mbele yangu, jamani! Akafia mikononi mwake, mimi niko ghorofa ya juu napima homa za watoto wa watu. Miezi mitatu imepita na hata asante sikuwahi kumpa.

Basi, usingizi ukanichukua. Niko wodini, nimevaa sare, lakini sakafu ni ile ya udongo ya jikoni kwetu, imenyunyiziwa maji. Vitanda vyote vitupu. Cha mwisho ni kitanda changu cha hosteli, na shuka langu la maua, na juu yake amelala Bibi. Natafuta mapigo ya moyo kwenye mkono wake, siyapati, naye ananitazama kama anayesubiri nimalize.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kuna kitu kinaniumiza mgongo."

"Ni godoro, Bibi. Magodoro ya hosteli ndivyo yalivyo." Mimi hata ndotoni najua kudanganya.

"Nigeuze," akasema.

Hili tulifundishwa mwaka wa kwanza: mgonjwa asiyejiweza anageuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo anatoka vidonda. Napitisha mkono mmoja begani, mwingine kiunoni. Hanyanyuki. Alivyokuwa mwembamba vile, leo ni mzito kama gunia la mahindi. Navuta mpaka jasho linanitoka, na anapoinuka kidogo naiona alama nyekundu mgongoni mwake, ya pembe nne, ukubwa wa kitabu. Ngozi imeanza kuchubuka.

"Mwite yule binti anisaidie."

"Nipo mimi, Bibi! Kwani mimi sitoshi?" Nikaanza kulia kama mtoto. "Umeshakufa na bado unamtaka yeye?"

Akanishika mkono. Wake ulikuwa wa moto, kama katoka kuchochea kuni.

"Siku ile nilikuwa nakuita wewe, Zuhura. Macho yangu yalikuwa hayaoni tena. Yeye akaitika kwa jina lako, nisiondoke peke yangu. Sauti ya kumshukuru sikuwa nayo. Wewe unayo."

Nikataka kumgeuza tena, nikakuta nashika shuka. Kulikuwa kumeshapambazuka, na ubavu uliniuma pale nilipokilalia kitabu. Rehema alikuwa amekaa kitandani kwake, ameshavaa sare, macho yamemvimba, hana pa kwenda. Nikainua godoro mbele yake. Nilikichukua kile kitabu kwa mikono miwili nikamwekea mapajani.

"Nilikificha mimi," nikasema. "Nilikuonea wivu kwa ajili ya Bibi. Naye anakushukuru kwa kumwitikia siku ile."

Alikuwa amefungua mdomo kunitukana, na alikuwa na haki. Akaufunga.

"Nani kakwambia?" akauliza. "Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Sikumwambia mtu, niliogopa utachukia nimejifanya wewe."

"Alisemaje?"

Rehema akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Aliita tu, Zuhura, Zuhura. Nikamwitikia, abee, Bibi, nimefika. Basi akatulia."