Nesi Aliyelitoa Gari Hewa

Leo mzee anayemzidi baba yangu umri kanipa MIMI shikamoo!

Pikapu yetu ya dizeli imetusumbua kuwaka wiki nzima. Asubuhi tunaisukuma tena hapa Mikumi, na akina mama wananisubiri Ruhembe na watoto wa chanjo. Fundi, huyo mzee, kakata shauri: pampu imekufa, ishushwe.

Nikachungulia. Kwenye mpira wa mafuta, ule unaoonyesha ndani, mapovu yanapita.

Jamani, mimi ni nesi!

“Mzee, humu kuna hewa.”

“Nesi, hii siyo dripu.”

Nikakaza klipu iliyolegea, nikabonyeza ile pampu ndogo ya mkono ya kuvutia mafuta mpaka mapovu yakaisha. Stata moja tu, ikanguruma!

Mzee akavua kofia. “Shikamoo, daktari.”

Nimeitikia marahaba. Nina kosa?