Risasi za Dukani na Risasi za Baba

Baba alikuwa na ubishi wake mmoja, na alikuwa tayari kuuanzisha hata na ukuta: risasi za kiwandani hazifai. "Ni kama kanzu ya dukani," alikuwa akisema. "Itakuingia, lakini mabegani utajua hukukatiwa wewe." Yeye alijaza zake mwenyewe, juu ya meza ya kulia, kwenye fleti yetu ya Tooting, mjini Landani, na sisi wengine tukala sahani zikiwa mapajani.

Tuliondoka Unguja baada ya mapinduzi, mimi nikiwa mtoto wa shule. Kabla ya hapo Baba aliwahi kufanya kazi bara, idara ya wanyamapori, akishinda porini na bunduki begani. Landani akawa kondakta wa basi. Miaka mingi ilipita mpaka akapata laisensi ya silaha kutoka polisi, akanunua bunduki kuukuu ya kuwindia. Nilimcheka sana. Nilimuuliza kama kulungu wa Tooting wanapanda basi lake.

Lakini siku nilipokwenda naye uwanja wa shabaha, kicheko kilikatika. Risasi za kiwandani, tena za bei, zilitawanyika kwenye karatasi upana wa sahani ya wali. Alizojaza yeye zilikaa pamoja, ungezifunika kwa kisahani cha kikombe. Si kwamba kiwanda kilifanya kazi mbaya. Risasi zake zilifanana kuliko za Baba. Ila kiwanda hakikuijua bunduki yetu. Baba alijaribu kipimo kimoja cha baruti baada ya kingine, akaandika kila kitu daftarini, mpaka bunduki ikatulia.

Mwaka mmoja dereva wa basi lake akamwalika kwenda kuwinda Skotlandi, shambani kwa shemeji wa huyo dereva. Shemeji alikuwa na sharti: mgeni apige kwanza risasi tatu kwenye karatasi, zote ziingie ndani ya duara la upana wa kiganja. Akishindwa, haruhusiwi kumlenga mnyama. Baba alikuwa amefika umri wa kuvaa miwani. Akaniambia mimi peke yangu, "Nikishindwa, nikirudi naiuza bunduki. Na laisensi nairudisha." Niliogopa, maana katika Landani nzima sikujua kitu kingine alichokipenda.

Alhamisi, siku moja kabla ya safari, nilitoka kazini, duka la dawa la hospitali, nikamkuta katikati ya shughuli. Maganda ishirini yalisimama kwenye kibao chenye matundu. Alikuwa akipima baruti kwenye mizani, akiimimina ndani ya ganda kwa faneli, akikaza kichwa cha risasi, kisha akihamia ganda jingine. Wakati huo husemi naye. Nilivua viatu kimya kimya.

Jirani yetu, bibi wa Kipemba wa mlango wa pili, hakuwa na habari hiyo. Akaingia na sahani ya vitumbua.

"Asalaam alaykum, baba."

"Waalaykum salaam."

"Hamjambo humu?"

"Hatujambo, bibi."

"Na watoto?"

"Hawajambo."

"Na Unguja, barua zaja?"

"Zaja, alhamdulillahi."

Mtu mwingine angeinua mkono kumnyamazisha. Baba asingeweza, hata nyumba ingekuwa inaungua. Mdomo ukaendelea na salamu, mikono ikaendelea na risasi. Bibi alipotoka, Baba akatazama mizani. Palikuwa na baruti imebaki.

"Hii niliipima kwa ganda linalofuata," alisema polepole, "au nimesahau kuitia katika hili nililokwisha kulifunga?"

Risasi isiyo na baruti ya kutosha yaweza kukwama katikati ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake, bunduki inakupasukia usoni. Nikashauri tuzipime uzito. Akakataa, maganda yenyewe hayakulingana. Tukaanza kuzifungua kwa kinyundo maalumu, risasi unaitia ndani yake, unakigonga sakafuni mpaka kichwa cha risasi kichomoke. Mzungu wa fleti ya chini akatujibu kwa kugonga dari yake na fagio. Risasi aliyoifunga mwisho ilikuwa tupu.

Baba akazifungua na nyingine zote, ingawa zilikuwa sawa. Kisha akakaa.

"Basi. Nitakwenda na za dukani."

Tulijua wote wawili kwamba za dukani ni salama, na kwamba kwa bunduki ile atashindwa nazo.

"Baba," nikasema, "mimi nalipwa kupima unga wa dawa. Anayenisemesha nikipima namfukuza. Nipishe hapo."

"Na wageni?"

"Wageni ni wako. Wapokee mlangoni."

Mizani ile hata Mama hakuruhusiwa kuipangusa vumbi. Baba akainuka, akanivutia kiti. Alinisomea kipimo daftarini, na kila ganda alilimulika kwa tochi kabla sijalifunga. Mlango uligongwa mara mbili. Alizijibu salamu zote ukumbini, hakupunguza hata moja, nami sikuinua kichwa.

Jumapili alirudi ameloa. Kulungu hawakuonekana, mvua tupu siku mbili. Hakuvua hata koti, akatandaza karatasi mezani: matundu mawili yamegusana, la tatu kando kwa upana wa kidole.

"Shemeji mtu ameniuliza, hizi risasi za kiwanda gani? Nikamwambia, za binti yangu."

Nililia pale pale, wala sikuona haya.

"Acha kulia," akasema. "Kesho ukitoka kazini tupitie polisi. Uombe laisensi yako."